Pedi, diski na joto: breki za gari lenye nguvu kwenye barabara zetu

Hapa Uganda, gari likipinduka kwenye barabara ya Masaka au ya Gulu, neno la kwanza kutoka kwa walioshuhudia ni "breki zilikataa". Habari ikishazunguka kwenye simu, nami huanza kupokea maswali. Mengi hutoka kwa vijana wenye magari yenye nguvu: Subaru Impreza na Legacy za turbo, Mark X, Altezza, Golf GTI. Karibu kila swali huja na picha ya diski iliyotobolewa matundu, inang'aa kama sinia jipya, na chini yake maneno matatu: "Hizi zitashika zaidi?"

Swali ni la haki. Spea ni ghali, na kosa la breki halilipwi kwa pesa peke yake. Lakini picha ya diski haiwezi kulijibu, kwa sababu yanayoamua kama gari litasimama yamejificha: pedi iliyo ndani ya kalipa, mafuta ya breki yaliyo ndani ya mipira ya kuyapitisha, na joto, ambalo huwezi kuliona mpaka limeshazidi. Nina Legacy ya turbo kwa miaka mingi sasa. Breki zake nimezifungua mwenyewe mara nyingi, na nimefanya makosa ambayo sitaki mwingine ayarudie. Kwa hiyo nimeamua kulieleza jambo hili kwa urefu mara moja, badala ya kulijibu vipande vipande.

Tuanze na majina

Diski, ambayo wengine huiita rota, ni sahani nzito ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Pedi ni vipande viwili vya mchanganyiko mgumu uliogandishwa kwenye bati nene. Kimoja hukaa upande huu wa diski, kingine upande ule. Kalipa ndiyo mkono unaozishika pedi hizo na kuzibana. Ndani ya kalipa mna pistoni, na kinachoisukuma pistoni ni mafuta ya breki yanayotoka kwenye masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali unapoikanyaga.

Tuliokulia kwenye baiskeli zisizo na breki tunayajua haya tangu utotoni. Ukiteremka, unapeleka mguu kwenye tairi na kulibana kwa soli ya ndara. Baiskeli inapunguza mwendo, soli inapata moto. Ukibana kwa muda mrefu ndara huanza kuteleza na kutoa harufu ya mpira unaoungua, na hata uongeze nguvu za mguu, baiskeli inazidi kukimbia. Ndara ni pedi, tairi ni diski, na ule moto kwenye unyayo ndio jambo lenyewe tunalolitafuta.

Mwendo wa gari ukipungua haupotei hewani. Unageuka joto, na joto hilo karibu lote huingia kwenye diski na pedi. Gari la kilo 1,500 likisimama kutoka kilomita 100 kwa saa hutoa joto linalotosha kuchemsha zaidi ya lita moja na nusu ya maji, kutoka maji ya mtungini hadi yatokote. Hiyo ni chai ya watu sita, kwa kusimama mara moja tu, ndani ya sekunde chache.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba joto halipandi sambamba na mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, tuseme kutoka 50 hadi 100, joto la kusimama linakuwa mara nne. Kutoka 100 hadi 140 huonekana ni nyongeza ndogo kwenye dashibodi, lakini joto linakaribia maradufu. Gari la turbo lina shida nyingine juu ya hiyo: injini yake inakurudisha kwenye mwendo uleule kabla diski hazijapoa. Kusimama kwa kwanza karibu kila gari zima linaweza. Angalia kusimama kwa tano.

Mteremko wa Sipi

Mimi somo langu nililipata kati ya Sipi na Muyembe, nikirudi Mbale kutoka Kapchorwa. Tulikuwa wanne, buti limejaa viazi, na wiki ileile nilikuwa nimebadilisha pedi za mbele kwenye gereji moja mjini. Niliomba pedi nzuri, nikaoneshwa boksi zuri, nikalipa.

Kona za kwanza zilikuwa tamu. Gia ya nne, breki, achia, breki tena. Baada ya kona tano au sita harufu iliingia ndani ya gari, kali, kama nywele na mpira vimechomwa pamoja. Mmoja wetu akauliza ni nani anachoma takataka. Nikakanyaga breki. Pedali ilikuwa ngumu kama ukuta, mguu wangu ulikuwa na kitu cha kusukuma, lakini gari liliendelea kuteremka kana kwamba sijagusa chochote. Mbele yetu kulikuwa na lori la mahindi linakwenda kwa gia ya chini. Nilirudisha gia ya tatu, halafu ya pili, injini ikalia, nikawa navuta breki ya mkono kidogo kidogo. Tulilikaribia lori lile mpaka nikasoma maneno yaliyoandikwa kwenye mpira wake wa kuzuia matope. Tuliposimama kando ya barabara, magurudumu ya mbele yalikuwa yanatoa moshi mweupe, na diski zilikuwa zimepata madoa ya buluu. Hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu.

Hali hiyo ni kufifia kwa breki. Mchanganyiko wa pedi hushikwa pamoja na gundi maalumu. Joto likipita uwezo wa gundi hiyo, inaanza kutoa gesi na uso wa pedi unapoteza msuguano. Kila nguvu ya mguu wangu ilikuwa inafika kwenye pedi, ndiyo maana pedali ilikuwa ngumu. Pedi zenyewe ndizo zilizokuwa zimeacha kushika. Ile ndara inayoteleza juu ya tairi.

Kuna kufeli kwa aina ya pili, na ni muhimu kutofautisha, kwa sababu dawa yake ni nyingine kabisa. Hapo pedali inakuwa laini, inazama, pengine mpaka sakafuni. Huo ni ugonjwa wa mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani kama chumvi iliyoachwa wazi msimu wa mvua, na yakishakuwa na maji hutokota mapema. Kiwango kinachoitwa DOT 3 kinataka mafuta mapya yasitokote chini ya nyuzijoto 205 za Selsiasi, lakini yakinyonya maji asilimia 3.7 tu kinachodaiwa ni nyuzi 140. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakishanyonya. DOT 5.1 ni 260 na 180. Yakitokota, mvuke huingia kwenye mfumo. Mafuta hayabaniki, mvuke hubanika. Jaza bomba la sindano maji, ziba tundu kwa kidole, kisha sukuma: halisogei. Jaza hewa, sukuma tena, utaona.

Na hapa ndipo penye chanzo cha mabishano mengi baada ya ajali. Mafuta yakipoa, mvuke hurudi kuwa maji na pedali inarudi kuwa ngumu. Dereva anaapa breki zilikataa, gari linavutwa hadi gereji, fundi anakanyaga, breki zinashika. Dereva anaonekana mwongo. Anaweza kuwa amesema kweli tupu.

Magari yetu mengi yamekuja yametumika kutoka Japani, na mafuta yake ya breki tangu yashuke Mombasa huwa yanaongezwa tu, hayabadilishwi. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja mwaka huu, usinunue diski. Badilisha mafuta yote, weka DOT 4 au 5.1 kutoka chupa ambayo haijafunguliwa, na urudie kila baada ya miaka miwili. Tahadhari moja: DOT 5 yenyewe, isiyo na ".1" mwishoni, ni mafuta ya silikoni, hayachanganywi na hayo mengine, na gari lako kwa hakika halikuundwa kwa ajili yake.

Pedi: soma ukingo, acha boksi

Pedi za barabarani ziko za aina tatu kubwa. Za oganiki hutengenezwa kwa nyuzinyuzi na gundi; ni laini, kimya, zinashika vizuri zikiwa baridi, na hazipendi joto kali. Ukiendesha Kampala kwa upole zinakutosha. Za nusu chuma zina chembe za chuma, shaba na kadhalika, kati ya asilimia 30 na 65 ya uzito wake. Zinastahimili joto zaidi, lakini hupiga kelele, huchafua rimu kwa vumbi jeusi na hula diski haraka. Za seramiki ziko kimya, vumbi lake ni hafifu, na tabia yake haibadilikibadiliki.

Hapo kwenye seramiki ndipo watu wanapouziwa ndoto. Neno hilo limekuwa na sifa ya ukubwa kwa sababu magari ya kifahari ya Ulaya yana diski za kaboni na seramiki zinazogharimu kuliko Legacy yangu nzima. Pedi ya seramiki haina undugu na diski hizo. Nyingi ziliundwa ili gari la familia lisimame bila kelele na bila kuchafua rimu. Zipo zilizoundwa kwa mwendo mkali, lakini jina "seramiki" peke yake halikuambii kama hiyo uliyoshika ni mojawapo.

Kosa la upande wa pili ni kununua pedi za mashindano. Kijana mmoja alinipigia simu kwa furaha kwamba amepata pedi za mbio kamili, zilizotolewa kwenye gari la rally. Pedi za namna hiyo zimetengenezwa kufanya kazi zikiwa za moto sana, na nyingine haziamki mpaka diski ifikie nyuzi mia mbili au zaidi. Sasa fikiria saa moja asubuhi, umetoka nyumbani Ntinda, mtaa wa Kampala, diski ni baridi kama jiwe la kisimani, na boda boda inakatiza mbele yako ina watoto wawili wa shule. Hapo unahitaji pedi iliyo macho tangu mguso wa kwanza. Kwenye foleni ya Jinja Road hutazipatia joto lake hata siku moja, kwa hiyo kila siku utaendesha gari lenye breki dhaifu kuliko zile ulizozitoa.

Gari lenye nguvu la barabarani linataka pedi ya katikati: inayoshika ikiwa baridi na isiyofifia hata diski ikipanda nyuzi mia kadhaa. Watengenezaji wakubwa wote wanazo, na huandika kiwango cha joto ambacho pedi imekusudiwa. Tafuta namba hiyo kabla ya kuuliza bei.

Kisha geuza pedi uangalie ukingo wake au mgongo wa bati. Pedi nyingi zenye heshima zina msimbo uliochapwa, na mwishoni mwa msimbo huo herufi mbili, kwa mfano EE, FE, FF, GF au GG. Hizo ni daraja za msuguano kwa mujibu wa kanuni ya wahandisi wa magari wa Marekani. E ni msuguano wa kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Herufi ya kwanza ni ya pedi ikiwa na joto la kawaida la kazi, ya pili ni ya pedi ikiwa moto. Kwa hiyo FE inakwambia kwamba ikipata moto inashuka daraja. Kwa matumizi yetu ningetafuta FF au zaidi, herufi ya pili isiwe chini ya ya kwanza. Herufi hizi hazimalizi kila kitu, kwa sababu kipimo chake hufanywa kwa kipande kidogo cha pedi na hakifiki kwenye joto la mteremko kama ule wa Sipi. GG haimaanishi moja kwa moja kwamba itadumu kuliko FF. Lakini ni zaidi ya kuangalia rangi ya boksi.

Pedi za soko la Ulaya zina alama nyingine: herufi E ndani ya duara, yenye namba pembeni, na msimbo wenye 90R. Maana yake ni kwamba pedi hiyo ilipimwa ikaonekana inashika karibu sawa na ile iliyotoka na gari, isitofautiane kwa zaidi ya asilimia 15.

Niliporudi kutoka Kapchorwa nilizitoa zile pedi zangu za wiki moja. Uso ulikuwa umegeuka kioo cheusi chenye nyufa ndogo, na ukingo ulikuwa mtupu, hauna herufi hata moja. Ningeuangalia kwa nusu dakika tu pale gereji, ningejua.

Kwenye soko la spea la Kisekka, Kampala, utaona boksi za majina makubwa kila kibanda. Boksi huchapishwa popote. Fungua, linganisha umbo la pedi na ile ya zamani, angalia kama mchanganyiko umeshikana vyema na bati bila mwanya, kama msimbo umechapwa kwa usafi. Watengenezaji kadhaa huweka namba ya siri ya kukwangua au alama ya kupiga picha kwa simu ili uthibitishe. Fanya hivyo palepale, mbele ya muuzaji. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Matundu ya diski

Turudi kwenye ile picha. Diski za mbele za karibu magari yote tunayoyazungumzia ni za kupitisha hewa: sahani mbili zilizounganishwa kwa mbavu, katikati pana nafasi. Diski ikizunguka, mbavu hizo huvuta hewa kutoka karibu na kitovu na kuitupa nje, kama feni. Hiyo ndiyo inayopoza, na ipo hata kwenye diski ya kawaida isiyo na pambo lolote usoni.

Matundu ya usoni yalianza zamani, pedi zilipokuwa zinatoa gesi nyingi zikichemka, ili gesi ipate pa kutokea. Pedi za leo hazitoi gesi kwa kiasi kile. Matundu bado yana faida: hukausha maji haraka siku ya mvua na kupunguza uzito kidogo. Lakini kila tundu ni chuma kilichoondolewa, na chuma ndicho kinachobeba joto. Diski ikipata moto na kupoa mara nyingi, nyufa huanzia kwenye kingo za matundu. Nimeziona kwa macho, nyembamba kama unywele, zikitoka tundu moja kwenda jingine. Kwetu kuna jambo la ziada: ukitoka lami ukaingia barabara ya vumbi jekundu, matundu hujaa udongo, ukikauka unakuwa kama tofali ndani yake.

Mifereji, ile mistari iliyochimbwa bila kutoboa, ina akili zaidi. Hupangusa uso wa pedi, haivunji nguvu ya diski kwa kiasi kile, na udongo hutoka wenyewe. Gharama yake ni pedi kuisha upesi na mvumo fulani ukifunga breki kwa mwendo mkali. Kwa gari linaloendeshwa kwa nguvu, sina ugomvi nayo. Kwa wengi wetu, diski ya kawaida ya kupitisha hewa, ya mtengenezaji anayejulikana, yenye unene wake kamili, ndiyo ningeiweka kwenye gari la ndugu yangu.

Unene huo si jambo la kupuuza. Kwenye kitovu cha diski au ukingoni pamechapwa MIN TH na namba ya milimita: chini ya hapo diski ni ya kutupa. Pitisha ukucha kwenye ukingo. Ukikwama kwenye mdomo uliosimama, diski imeshaliwa, ichukue kipimo. Diski nyembamba hubeba joto kidogo, hivyo hupanda moto haraka na kuziunguza pedi nzuri ulizozinunua kwa pesa nyingi. Hilo linazihusu pia diski zilizotumika kutoka Japani. Nyingine ni bora kuliko mpya za bei rahisi, lakini nenda sokoni na kipimo mkononi.

Na kuna hili la "diski imepinda". Usukani unatetemeka ukifunga breki, fundi anasema diski imepinda, inapelekwa kwenye mashine kukerezwa, baada ya miezi miwili inatetemeka tena. Mara nyingi diski haikupinda. Umesimama kwa ghafla kutoka mwendo mkali, kisha ukabaki umekanyaga breki kwenye taa. Pedi za moto zikaacha tabaka la mchanganyiko wake mahali pamoja. Kila mzunguko, sehemu hiyo inashika tofauti na nyingine, na wewe unasikia mtetemo. Sababu nyingine ni kutu kwenye kitovu ambapo diski hukaa. Sufuria likiwekwa juu ya mafiga ambayo moja lina kokoto juu yake, litainama kidogo hata likiwa jipya. Chembe ya kutu hufanya hivyohivyo, na diski iliyokaa upande huliwa upande. Fundi anayekufungia diski mpya bila kupangusa kitovu kwa brashi ya waya amekupangia kurudi.

Kalipa kubwa za dhahabu

Wanaotamani zaidi huuliza kuhusu Brembo, zile kalipa za pistoni nne zilizokuja kwenye Impreza STI. Ni breki nzuri kweli. Impreza WRX nyingi zina diski za mbele za milimita 294. STI yenye Brembo ina 326, na rimu ya inchi 16 haiwezi kuifunika, unahitaji 17. Diski kubwa hubeba joto zaidi, kwa hiyo kusimama kwa kumi kutafanana na kwa kwanza.

Lakini kusimama kwa kwanza hakutakuwa kufupi zaidi, na hapo wengi hawaniamini. Jaribu mwenyewe mahali pasipo na watu: kanyaga breki kwa nguvu zote. Kama pedali inatetemeka na ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, inafanya kazi, maana yake breki zako tayari zina nguvu kuliko mshiko wa matairi. Kuongeza breki hapo ni kuongeza nguvu kwa mtu anayevuta kamba akiwa amesimama kwenye utelezi. Pesa ya matairi mazuri, ambayo hayajazeeka, ingekusimamisha karibu zaidi kuliko kalipa ya rangi yoyote. Tena ukiweka kalipa kubwa au pedi kali mbele peke yake, unavuruga mgawanyo wa kazi kati ya mbele na nyuma ambao wahandisi waliupima. Badilisha pande zote mbili za ekseli, na pedi za mbele na nyuma ziwe za ukoo mmoja.

Hata kwenye rally, ambayo sisi Uganda tunaipenda na ndiyo inayotutia hamu ya mambo haya, ukubwa hufuata kazi. Magari ya ubingwa wa dunia yakikimbia kwenye kokoto hutumia rimu za inchi 15 na diski za milimita 300 hivi. Yakihamia lami ndipo huvaa diski kubwa zaidi. Kwenye kokoto tairi halina mshiko wa kuzitumia breki kubwa kuliko hizo.

Kwa hiyo anayeniuliza nami humuuliza: unaendesha wapi? Kama ni Kampala na Entebbe, pedi nzuri za kawaida, diski za kawaida, mafuta mapya. Kama kila wikendi unakwenda Kabale au Fort Portal, umejaza watu na mizigo, pedi za daraja la mwendo mkali na DOT 5.1, na ujifunze kuteremka kwa gia ileile ambayo ungepandia. Anayekwenda kushindana kwenye uwanja wa mbio wa Busika awe na pedi za pili kwenye buti, azivae kule na azivue kabla ya kurudi.

Pedi mpya zina kazi moja ya mwisho, kuzoeshwa na diski. Tafuta barabara tupu asubuhi na mapema, nenda kilomita 60 kwa saa, funga breki kwa uthabiti mpaka 10 bila kusimama kabisa, ongeza mwendo, rudia mara nane au kumi. Harufu kidogo ni kawaida. Kisha endesha dakika kumi au kumi na tano bila kugusa breki sana ili zipoe. Diski ikionekana na rangi moja ya kijivu pande zote, tabaka jembamba la pedi limekaa sawa juu yake.

Ukitoka hapo usipitie moja kwa moja kwenye sehemu ya kuosha magari. Kijana mwenye mpira wa maji huanza na magurudumu, kwa sababu ndiyo machafu zaidi, na maji baridi juu ya chuma cha moto yanaweza kuiharibu diski siku hiyohiyo uliyoinunua. Mwombe aanze na paa, magurudumu ayaache mwisho.